Mzunguko Mmoja na Nusu

Pampu iligoma siku ya tatu ya tende kuiva.
Ibra, saa moja asubuhi, ukuta wa bustani umeshaanza kuchoma mgongo,
mfereji wa falaji umebaki uzi,
chura akivuka halowi tumbo.
Nilivuta kamba mara kumi na saba. Nilihesabu.
Ukiifunga choki, inakwenda
kama mgonjwa aliyeshikwa mkono.
Ukiifungua, chali.

"Nunueni kabureta mpya," Hilali alisema juu ya ukuta,
"ya Kichina, riali nane, na gasketi zake."
Shangazi Shinuna hakujibu.
Alitandika kanga kuukuu juu ya jiwe,
maandishi yake yamefutika, limebaki neno JIRANI,
akakaa kitako, akavaa miwani:
Lete spana namba kumi.

Kazi hii aliipata Wete, kwa kaka yake, kwenye mashine ya kusaga.
Akaja Omani na pasi ya mama yake na bisibisi mbili.

Tazama, anasema. Bakuli. Boya.
Petroli ikiingia, boya hupanda,
hubeba sindano, sindano huziba mlango.
Ikinyweka, boya hushuka, mlango wazi.
Bawabu huyu halali wala hadai mshahara.
Na hapa koo, limebanwa katikati.
Pistoni ikishuka, hewa hukimbilia ndani
kama upepo katika vichochoro vya Minzifa;
penye wembamba huongeza mbio,
na ikikimbia, haina tena nguvu ya kukandamiza.

Kwa hiyo inafyonza petroli, nikasema.

Wote husema hivyo. Uongo.
Hewa iliyotulia juu ya bakuli,
hewa yote ya Ibra, kuanzia juu ya majabali mpaka hapa tulipokaa,
imeikalia petroli, inaisukuma ipande jeti.
Hakivutwi kitu, mwanangu.
Kinasukumwa, kinakwenda penye upungufu.

Nikamtazama.
Nilidhani anasema habari ya pasi na bisibisi mbili.
Alikuwa anasema habari ya petroli.

Akainua jeti juani, jicho moja amelifumba.
Palipopasa kuwa na nukta ya mwanga, giza.
Petroli iliyolala tangu Shaabani
imeganda ulimbo, rangi ya asali mbovu.
Nikampa sindano ya cherehani, akanipiga kofi la kidole:
tundu hili likipanuka unywele mmoja
hutalirudisha, hata uswali.
Akachuna waya wa chaja ya simu iliyokufa,
akatoa uzi mmoja wa shaba, akazibua,
akapuliza kwa mdomo, akatema.
Nukta ikarudi.

Hewa kumi na nne na ushei, petroli moja,
kwa mizani, si kwa macho.
Petroli ikizidi, moshi mweusi, plagi masizi.
Hewa ikizidi, injini huchemka,
inapanda na kushuka kama mwenye deni akisikia hodi.

Halafu skrubu. Aliifunga mpaka ikagusa,
usiikabe, akasema, siyo mwizi,
akaanza kuifungua, midomo ikimchezacheza.
Sokoni huhesabu Kiarabu, benki Kiarabu,
hata vidonge vya presha huvihesabu Kiarabu.
Skrubu huihesabu Kiswahili:
robo, nusu, kasorobo, moja,
moja na robo,
moja na nusu. Basi.
(Nikamwambia robo na nusu ni Kiarabu hichohicho.
Akasema: hapa siyo.)

Mvuto wa pili, ikawaka.
Bomba likakohoa udongo, likatapika mjusi mkavu,
likanyamaza kidogo, tukatazamana,
kisha maji, mazito kama mkono,
yakashika njia ya mitende ya mabsili
bila kuuliza.

Plagi niliitoa jioni. Rangi yake kokwa ya tende.
Nilikuwa bado nimeishika
Hilali alipoingia mlangoni, safari hii, siyo ukutani,
na kitu kizito ndani ya mfuko wa plastiki, kinavuja petroli.
Habari ya riali nane hakuitaja.
Shangazi akatandika kanga.